Hatua Sitini na Mbili

Baba Askofu, Mchungaji wetu na wachungaji wastaafu mliowahi kulilea kundi hili, Mheshimiwa mwakilishi wa serikali, wazee wa kanisa, viongozi wa kwaya, ndugu wageni waalikwa, washirika wenzangu, vijana, watoto mlioketi sakafuni kwa sababu viti vimekwisha, na wewe, dada yangu, uliyeketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango mkubwa. Nawasalimu nyote kwa utaratibu huo, kuanzia mbele kwenda nyuma, kama nilivyowasalimu watu wa kanisa hili kwa miaka arobaini na miwili. Leo utaratibu huo ndio habari yangu.

Nimepewa dakika ishirini. Kamati ya jubilei imeniagiza nisome historia ya ukuaji wa kanisa letu katika miaka hamsini, nikabidhi muhuri kwa katibu mpya, kisha niketi. Mwenyekiti wa kamati, ambaye nilimfundisha darasa la tano, aliniambia jana, "Mwalimu, tafadhali iwe ya furaha. Watu watakuwa wamevaa." Naona kwamba mmevaa. Niwieni radhi, kwa maana nguo zenu ni nzuri kuliko maneno niliyonayo.

Tulianza watu kumi na tisa, katika ghala la nafaka la kukodi. Vumbi la pumba lilitukohoza katikati ya sala, na mchungaji wa kwanza alihubiri akiwa amesimama juu ya kreti la soda, kwa sababu alikuwa mfupi na hakupenda kukumbushwa. Mwaka wa nne tulipata kiwanja hiki. Mbele kuna barabara, ubavuni kuna mtaro upande mmoja na shule upande mwingine, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulijua kwamba kanisa hili likikua litakua kuelekea nyuma tu. Jengo la kwanza, kutoka mimbarini hadi mlangoni, lilikuwa na hatua kumi na nne. Nilizipima kwa miguu yangu. Mwaka wa ishirini na tano mafundi walivunja ukuta wa nyuma wakausogeza, zikawa hatua thelathini na moja. Mwaka wa thelathini na tisa walivunja tena, na leo, kutoka hapa niliposimama hadi mlango mkubwa, ni hatua sitini na mbili. Washirika ni elfu moja na mia mbili na kidogo. Hiyo ndiyo historia ya ukuaji, na mtu aliyeitaka fupi ameshaipata.

Sasa niwaulize. Kila tulipousogeza ukuta wa nyuma, ni kitu gani tulichokisogeza pamoja nao?

Tulilisogeza benchi. Vijana, mnalifahamu kwa sura. Ni lile lisilo na egemeo, la mbao nyeusi, lililo chini ya saa. Kila kiti cha kanisa hili kimewahi kubadilishwa isipokuwa lile. Seremala wetu, kila ukuta mpya ulipokauka, alilibeba begani na kulirudisha mahali pake, yaani mwisho kabisa, karibu na mlango. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa anafuata desturi iliyotoka katika katiba ya kanisa, na katiba hiyo niliiandika mimi.

Wengi wenu hamkuisoma, kwa kuwa kifungu chenyewe kilifutwa miaka kumi na minane iliyopita. Kilisema hivi. Mshirika aliyetengwa ataketi kwenye benchi la mwisho kila Jumapili. Hatashiriki Meza ya Bwana. Hatasema neno katika mkutano wowote wa kanisa. Atakaa hivyo mpaka barua ya kumrudisha itakaposomwa na katibu wakati wa matangazo, na ikisomwa, atatembea kutoka benchi lile hadi mbele, washirika wote wakiwa wamesimama. Wengi walikaa hapo miezi mitatu, wengine sita. Walisomewa, wakatembea, tukawapa mkono, mambo yakaisha.

Kwenye kijitabu cha jubilei mlichogawiwa mlangoni, fungueni ukurasa wa tisa. Kuna picha ya mama mwenye miwani, naye ameandikwa kwa jina ambalo ninyi nyote mnamwita: Mama Mlangoni. Kamati iliwauliza washirika mia tatu swali moja: ni nani aliyekuwa wa kwanza kusema nawe ulipoingia katika kanisa hili? Zaidi ya mia mbili walimtaja yeye. Mmoja ameandika, "Niliingia nikiwa nimechelewa na mtoto analia, akanipokea mtoto kabla hajanipokea mimi." Mwingine, dereva wa lori, ameandika, "Nilitaka kusimama nje. Akaniambia, 'Keti hapa, mimi mwenyewe sijafika mbele.'"

Mlicheka mlipolisoma hilo. Mlidhani ni utani.

Upo utani mwingine juu yake, nao nimeusikia hata mimi ambaye watu hawanitanii. Mama Mlangoni ana miguu inayovimba, kwa sababu amekanyaga cherehani tangu usichana wake. Akiketi tu, huvua viatu na kuvisukuma chini ya benchi. Lakini kila Jumapili, mimi ninaposimama na karatasi ya matangazo, yeye huinama na kuvivaa. Nikimaliza, huvivua. Watoto wa shule ya Jumapili walilijua hilo kuliko wanavyozijua tenzi. Walikuwa wakinong'onezana, "Mama kavaa viatu, tayari, Mwalimu atatuchosha." Wapokea wageni walisema, "Mama anajiandaa kukimbia, matangazo ya Mwalimu hayana breki." Mimi niliwakemea kwa kunong'ona kanisani. Sikuwahi kuuliza kwa nini alivaa viatu.

Lipo pia jambo la Meza ya Bwana. Sahani ilipomfikia aliipokea, akaipitisha, bila kutwaa kitu. Washirika wapya walielezana kwamba ana vidonda vya tumbo na divai haimfai. Wachungaji watano wamepita katika kanisa hili tangu wakati huo, na kila mmoja alimkuta pale, akamdhani mpokea wageni, akamshukuru kwa huduma yake ya hiari. Na leo, Mchungaji wetu, kwa moyo mwema kabisa, ameandaa cheti. Kipo juu ya meza ile, kimefunikwa kitambaa cheupe. Kimeandikwa kwamba mama huyu alichagua mahali pa chini kuliko pote, akaanzisha Huduma ya Mapokezi. Baada yangu ataitwa akipokee.

Mchungaji, naomba kitambaa kile kisifunuliwe. Hakuchagua. Tulimweka pale, na mimi ndiye niliyemsomea.

Ilikuwa mwaka wa ishirini na tatu wa kanisa hili. Binti yangu, mzaliwa wangu wa pekee, alifunga ndoa hapa mbele kwa shela na kitambaa cha uso, na mwezi wa tano baada ya harusi akajifungua mtoto mwenye afya kamili. Siku zile bibi harusi mjamzito hakuruhusiwa shela. Watu walihesabu kwa vidole, na mimi, mwalimu wa watu na katibu wa kanisa, nilihesabiwa pamoja naye. Msisikitike kwamba nalisema jambo la nyumbani. Nimemwomba ruhusa kwa simu. Alinijibu, "Sema, baba. Langu walishalijua zamani. Lako ndilo hawalijui."

Binti yangu na mumewe walikaa benchi la mwisho miezi mitatu, wakasomewa, wakatembea, wakahamia mji wa mbali. Simu zake ni fupi. Lakini hasira yangu haikutosheka na hao wawili. Nilijiuliza: ni nani aliyejua kabla yangu? Nikampata. Alikuwa fundi cherehani aliyeshona lile shela. Alikuwa amempima binti yangu kiuno mara tatu katika wiki sita, na kila mara alilegeza mshono, asimwambie mzee yeyote wa kanisa.

Nilimpeleka barazani kwa kosa la kuficha dhambi. Alikuja na tepu yake shingoni, kwa kuwa aliacha kazi mezani. Nikamuuliza mbele ya wazee saba, "Ulijua?"

Akasema, "Nilijua kiuno, Mwalimu. Mengine sikuulizwa."

"Ungeweza kuja kwangu, mimi baba yake."

"Alilia pini zikiwa bado kifuani. Aliniambia wewe ukijua hutamwita mwanao tena. Nikamwambia, simama wima nikupunguzie mkono."

Mzee mmoja alicheka, kisha akaliona jicho langu, akanyamaza. Tulimtenga kwa mwaka mmoja. Jumapili iliyofuata nilisoma jina lake kwa sauti hii mnayoisikia, naye alikuwa kwenye safu ya tatu pamoja na mume wake na watoto wawili. Alinyanyuka akaenda nyuma. Kutoka mimbarini hadi benchi lile zilikuwa hatua kumi na nne. Mumewe alibaki na watoto, kwa maana katiba haikumruhusu kumfuata.

Mwaka ukaisha. Mchungaji wa siku hizo, mtu wa maneno machache, aliandika barua ya kumrudisha, akatia sahihi, akaiweka juu ya meza yangu ofisini siku ya Ijumaa. Jumatatu yake alihamishwa. Mimi niliichukua barua ile, nikaisoma, nikaona kwamba haina muhuri wa kanisa. Nikasema barua isiyo na muhuri haisomwi. Nikaiweka ndani ya droo mpaka itakapotiwa muhuri.

Ndugu zangu, muhuri ulikuwa wapi?

Ulikuwa ndani ya droo ile ile. Umekuwa chini ya ufunguo wangu kwa miaka arobaini na miwili. Barua na muhuri vimelala pamoja katika droo moja kwa miaka ishirini na sita, kiasi cha shibiri moja kati yao, na kati yao hapakuwa na kizuizi chochote isipokuwa mkono wangu.

Wazee wenzangu walidhani hajatubu. Niliwaacha wadhani. Mafundi walipovunja ukuta, benchi likasogea, zikawa hatua thelathini na moja, sikusema. Tulipokifuta kifungu cha kutenga, mimi ndiye niliyeandika marekebisho, nami niliandika kwamba hakuna atakayetengwa tena kuanzia siku ile. Juu ya aliyekuwa ameketi tayari sikuandika kitu. Tulipovunja ukuta mara ya pili, zikawa sitini na mbili, tukafunga na vipaza sauti ili watu wa nyuma wamsikie katibu vizuri. Alikuwa akinisikia vizuri.

Wiki tatu zilizopita nilianza kusafisha droo ili nimkabidhi katibu mpya. Ningeweza kuichana barua ile. Nawaambia ukweli kwamba niliishika kwa mikono miwili. Jumatano iliyopita niliipeleka kwake.

Anashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kina dirisha moja, na cherehani imewekwa hapo kwa ajili ya mwanga. Aliniona mlangoni akasema, "Karibu, Mwalimu. Suruali imepasuka?"

"Sikuja kwa suruali."

"Basi keti. Angalia, kiti hicho kina pini."

Niliiweka barua juu ya meza ya cherehani. Hakuishika. Alisafisha miwani yake kwa upindo wa kanga, akaivaa, akaiangalia kwa mbali.

"Kumbe aliandika kwa wino wa bluu," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa naiona nyeusi."

Nilimuuliza swali nililomuuliza barazani, neno lile lile. "Ulijua?"

"Alipita hapa siku aliyohama, lori limejaa vitanda mpaka juu. Hata hakushuka. Akasema, 'Mama, barua yako iko kwa Katibu. Jumapili vaa vizuri.' Nikavaa vizuri. Ulipochukua karatasi nikavaa na viatu, maana siwezi kutembea mpaka mbele miguu mitupu. Ukasoma habari za ubatizo, ukasoma habari za kufagia uwanja, ukaketi. Nikasema labda Jumapili ijayo."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Aliyetengwa hasemi. Si wewe uliyeandika?"

Nilimuuliza kwa nini hakuhamia kanisa lingine, kwa kuwa yapo mengi, mengine karibu na kwake kuliko hili.

"Ningehama ningeondoka na aibu hii. Nilitaka niivue pale pale mliponivalisha."

Kisha akaendelea na kazi yake. Alikuwa anapinda sare ya shule. Alikanyaga mshono mzima, akakata uzi, ndipo akaniambia habari za mume wake. Mnamkumbuka, yule mpaka rangi aliyekuwa akiketi safu ya tatu upande wa dirishani. Alikufa miaka kumi na mitano iliyopita. Siku zake za mwisho alimuuliza mkewe, "Hivi wale bado hawajakusamehe?" Naye akamjibu, "Bado kidogo."

"Sasa utanisomea," akaniambia. "Utamsomea nani? Yule aliyekuwa akisubiri pamoja nami hayupo."

Nilisema nitaisoma Jumapili hii, mbele ya Askofu na watu wote, kwa kuwa nilimtenga mbele ya watu wote. Alinitazama, tepu ikiwa shingoni kama siku ile.

"Soma. Karatasi ni yako. Lakini usinipangie mimi la kufanya. Miguu ni yangu."

Ndugu wageni waalikwa, mlikuja kusikia namna kanisa linavyokua. Nimewaonyesha. Watu elfu moja na mia mbili wameingia kwa mlango ule, na walio wengi walipokewa na mwanamke ambaye kanisa lenyewe lilikuwa limemtoa. Sijui hilo tuliite nini. Najua tu kwamba hatuwezi kulitilia cheti.

Nasoma barua. Ni fupi, nami sitaongeza wala sitapunguza.

"Kwa washirika wote. Dada yetu fundi cherehani, aliyetengwa kwa mwaka mmoja, amemaliza muda wake kwa uvumilivu. Nimeridhika naye. Kuanzia leo yuko huru kuketi popote, kusema na kushiriki. Namwomba msamaha kama mwaka ulikuwa mrefu. Mchungaji."

Muhuri nimeugonga leo asubuhi. Wino haujakauka vizuri. Mnaweza kuuona kwenye kidole changu.

Macho yangu hayafiki mlangoni. Ndugu mpokea wageni, wewe uliyesimama kwenye nguzo ya mwisho, niambie kwa sauti ili nisikie: amevaa viatu?

Rudia, tafadhali, watu wa mbele hawakupata.

Anasema hajavaa. Viko chini ya benchi.

Naomba mtu yeyote asipige makofi, na asigeuke kumtazama. Kwaya, ketini. Mmelisikia neno lake, nami nimekwisha kumpangia vya kutosha. Kama atavaa leo, au Jumapili ijayo, au asivae kamwe, hilo ni lake, na kanisa hili lijifunze kungoja kama alivyongoja yeye. Mchungaji, siku utakapopitisha sahani, imfikie hapo hapo alipo. Binti yangu nilimwalika kwenye sherehe hii. Alijibu kwamba atakuja siku fundi atakapoketi anapopataka mwenyewe. Nitampigia simu jioni kumwambia kwamba sasa anaweza kuketi anapopataka, na kwamba bado sijui ni wapi.

Katibu mpya, njoo uuchukue muhuri huu. Ni kipande cha mbao na mpira, hauna uzito wowote. Uuweke juu ya meza, mahali ambapo kila mtu anaweza kuufikia. Ufunguo wa droo sikupi, nimeutupa.

Na katika kitabu cha washirika, ukurasa wa leo, utakuta jina langu. Nimeliandika mwenyewe. Najua kifungu kilifutwa, na najua hakuna baraza litakalonitenga katika umri wa miaka sabini na tisa. Lakini benchi lile ni refu, linachukua watu wanne, na kwa miaka ishirini na saba ameketi na kila mgeni isipokuwa mimi. Nitaketi mwisho wake wa pili, kama ataniruhusu. Asiponiruhusu, nitasimama karibu na mlango.

Nakushukuru, Baba Askofu, kwa subira yako. Nawashukuru wageni mliotoka mbali, na kamati mliyotaka furaha mkapata hii. Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Mlinisikiliza miaka mingi, na siku nyingi sikuwasomea lililopaswa kusomwa.

Goti langu la kushoto halikunjiki, kwa hiyo nitachukua muda. Naomba mnipishe njia ya katikati. Wala msisimame. Katiba ilisema watu husimama kwa ajili ya anayekuja mbele. Anapokwenda nyuma mtu, tulikuwa tunabaki tumeketi.